Aliyeushika Mkono wa Neasa

…na sasa ameushika, ameushika kweli, mbele ya ukumbi mzima, mkono wa mwanangu ndani ya mkono wake, na mimi niko huku jikoni na kisu cha siagi, natazama kupitia kidirisha cha kupitishia chai, mikate arobaini bado mikavu, mayai hayajachanganywa na kitunguu, na huyo Líadan wa Dublin ameinamisha kichwa karibu na kichwa cha Neasa, anauzungusha ule mkono polepole, juu, chini, juu, kama mtu anayesukuma jiwe la kusagia, vilevile wanavyofanya wazee wa hapa mtu anapoimba wimbo mzito, ili asiubebe peke yake, na angekosea ningecheka, Mungu anisamehe, nimengoja akosee, auzungushe mbiombio kama mtoto anayechezea kamba, lakini hakosei, nani alimfundisha, si mama yake, mama yake anauza nyumba huko Dublin, aliniambia mwenyewe, kwao hawakuwahi kusema neno la Kiairishi mezani, alikipata shuleni na kwenye vitabu, na sasa serikali imempa mwaka mzima wa kukaa huku kwetu awe msanii, nyumba yenye dirisha la kutazama bahari, kazi yake kutembea na kusikiliza na kufundisha watoto wetu nyimbo zetu, na mimi nimetoka zamu ya asubuhi kule nyumba ya wazee saa nane, nimeogesha watu tisa, mgongo unaniwaka, nimekuja moja kwa moja kupaka siagi… “Bairbre, paka hadi ukingoni,” Peigín, tunayepaka naye, ananinong’oneza, “yule mkubwa wa Idara asije akaenda kusema watu wa huku ni wachoyo,” na mimi nanong’ona, “Alambe vidole kama haitoshi,” naye anaziba mdomo na taulo la vyombo asicheke, maana nje wamenyamaza wote, mtu anapoimba hata kijiko hakigongi, na yule mkubwa wa Idara ya serikali ameketi mstari wa mbele, magoti yamebanana, tai yake ya kijani, amekuja kufungua chumba hiki kipya cha sanaa ambacho Idara ndiyo imekiezeka, na akimaliza chai atakusanya fomu za vijana na kuondoka nazo, na fomu ya Neasa iko hapa kwenye mfuko wa aproni yangu, imekunjwa mara nne, inanichoma, mwaka mmoja wa kukaa chini ya mwimbaji mmoja, serikali inamlipa mwimbaji, kijana anafundishwa nyimbo ishirini mpaka zimwingie, na pale palipoandikwa Mwalimu wa Nyimbo Neasa ameandika Líadan, kwa ule mwandiko wake wa mviringo, hakuniuliza, na chini yake mstari wa mzazi uko wazi, na nimepanga la kusema, nitasema nimesahau miwani, nani atanibishia, fomu itakaa mfukoni na yule bwana atarudi Dublin na siagi yake tumboni… wimbo wenyewe ni wa farasi, watu wa nje wakiambiwa wanatabasamu, bibi wa mama yangu ndiye aliyeutunga, farasi wao wa pekee alizama kwenye matope ya pwani maji yalipojaa, amebeba mwani mgongoni, nao wamesimama kwenye mwamba wanamwita jina lake, beti saba, na haujawahi kutoka nyumbani kwetu, hakuna nyumba nyingine iliyokuwa nao, Mama aliuimba akikamua ng’ombe, nami naujua kama ninavyojua ngazi za kwetu gizani, lakini nani aliniona nikiimba, sijaimba mbele ya mtu tangu Mama azikwe, na kabla ya hapo pia sikuimba, tuseme ukweli… mwaka jana walinipigia simu kutoka kituo cha lugha, yule msichana mwenye sauti ya upole, “Bairbre, wewe una nyimbo za mama yako, tukuandike wewe kuwa mwalimu? Mpango upo, na Neasa anapenda,” nami nikacheka, nikamwambia, “Mimi? Mimi nina nguo za kufua, dada,” nikakata simu, na Neasa alikuwa amesimama kwenye friji, mlango wa friji wazi, akachukua maziwa akapanda juu, basi nani nimlaumu, nafasi niliisukuma kwa mkono wangu mwenyewe, lakini mtu akisukuma sahani si kwamba anataka kumwona mwingine akiila mbele yake, tena anaila na kulamba vidole… kwangu mtoto huyu ananijibu kwa Kiingereza, mwaka wa tatu sasa, namsemesha kwa lugha yetu naye ananirudishia Kiingereza, sawa, sijui, baadaye, kama kuku anayedonoa, na wote darasani kwao wako hivyo hivyo, nikasema ni umri, utapita, halafu siku moja nikampitia kwa Líadan, nikamsikia kabla sijagonga, Kiairishi kinamtoka kama bomba lililopasuka, maneno ya Mama, maneno ambayo sikujua kama anayo, na wanacheka wote wawili, nilipoingia akachukua koti, “Twende,” kwa Kiingereza, na ndani ya gari ilikuwa waipa tu inayosema… naye Líadan hakosi adabu, hapo ndipo ananimaliza, huja mlangoni na daftari, “Samahani mama Neasa, wewe ungelisemaje hili?” namwambia, “Kama wanavyosema wengine,” na anasema asante, anasema asante na kuondoka na daftari tupu, angekuwa na kiburi ningelala vizuri… “Mungu awe nawe, binti!” hiyo ni sauti ya mzee Beairtle, kutoka nyuma, ubeti wa pili umekwisha, na mwingine anasema, “Wewe ndiwe!” na Neasa hafungui macho, sikio lake limekuwa jekundu, lile la kulia, vilevile lilivyokuwa alipokuwa mchanga na homa… “Umenuna kama maziwa ya juzi,” Peigín ananiambia, “ni wivu huo, shoga yangu,” na mimi, “Wivu wa nini? Wa vile viatu vyake vya kwendea mlimani?” naye, “Viatu si vibaya, na havijamshika mtoto mkono,” Peigín huyu, tangu tuko shule ya msingi anajua pa kukanyaga, “Changanya mayai,” namwambia, “na chumvi usisahau”… ubeti wa tatu sasa, hapa farasi ameacha kuhangaika, hapa Mama alikuwa akiishusha sauti mpaka unadhani ameacha, halafu anaipandisha, na Neasa anaishusha palepale, hakuipata kwangu, ameipata kwenye mkanda wa sauti ya Mama, Líadan ndiye aliyeutafuta mkanda huo kwenye hifadhi ya serikali huko Dublin, kumbe upo, miaka thelathini umekaa kwenye boksi na jina la Mama juu yake, walikaa wakausikiliza wawili, na jioni ile Neasa akaja akasimama jikoni kwangu, na kwa lugha yetu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaniuliza, “Mama, nani aliyefunga mlango?” nikajua mara moja, nikasema, “Mlango gani?” akasema, “Kwenye mkanda wa Bibi, kabla hajaanza, mlango unabamizwa,” nikasema, “Upepo,” na yeye akanitazama, akajibu kwa Kiingereza, sawa… upepo, upepo wenye miaka kumi na saba na suruali mpya ya jinzi, basi la kwenda dansini linapiga honi barabarani, na jikoni ameketi bwana wa serikali na mashine yake ya kunasa sauti, waya hadi kwenye soketi ya birika, na Mama amevaa sweta ya kanisani, anaogopa, sikujua kwamba anaogopa, sikujua mama yangu huogopa, ananiambia, “Bairbre, kaa hapa kidogo unishike mkono,” na mimi niliona aibu, ile lugha, ule wimbo wa farasi, ile mikono yake ya kukamua, wenzangu kwenye basi wakisikia, nikatoka, nikaubamiza mlango… na wiki iliyopita Neasa aliacha simu yake kwenye kiti cha gari, mkanda uko ndani yake, nikausikiliza nje ya nyumba ya wazee kabla ya zamu, dirisha limefungwa, ukasikika mlango, paa, kama risasi, nikadhani Mama atakemea, nilikuwa tayari kukemewa, lakini anasema tu, kwa yule bwana, tena kwa sauti ya kumwombea mtu, “Mwache, ni kijana, ana safari yake,” halafu anaanza kuimba, beti saba, peke yake, na yule bwana hakumshika mkono, angemshika vipi, alikuwa na vitufe vyake vya kubonyeza, na baada ya ubeti wa tatu kuna kimya, kirefu, unasikia saa ya ukutani ya kwetu, unasikia anavuta pumzi mara mbili, ni hapo ambapo mtu angemkaza kiganja kidogo, hivi tu, kumwambia endelea, nipo, na hakuna mtu… nao huu hapa ubeti wa tatu umekwisha, na Neasa amenyamaza, na ni kimya kilekile, amejifunza hata hicho, au amepotea, kidevu kinamtetemeka, nakijua kidevu hicho, yule wa Idara amekunja karatasi zake magotini, na mimi nilichokiomba nikiwa napaka siagi ni hiki, apotee, apotee mbele ya mwalimu wake wa serikali ili wote waone, nimeomba hivyo dhidi ya mtoto wangu, na sasa nakitazama kile kiganja cha Líadan kupitia kidirisha, na nakiona kinakaza, kidogo, hivi tu, hamtazami yule wa Idara, wala sisi, amefumba macho naye, bega lake limeinama upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo, na viatu vyake vina matope ya kwetu mpaka kwenye kamba… safari ile serikali ilileta mashine, safari hii imeleta mtu, na mtu huyo amekaa pale nilipoambiwa nikae, kiti hakikuibwa, kiti kilikuwa kitupu, na sitampenda, nasema wazi, wivu uko hapahapa chini ya mbavu na nadhani utakaa, nikimwona anacheka na mwanangu utaamka tena, lakini mtoto hayuko peke yake pale, hilo haliwezi kuwa baya, haijalishi mkono ni wa nani, miwani iko kwenye mkoba, nimeiona asubuhi, na kalamu anayo Peigín ya kuandikia maboksi, nitatia sahihi chini ya jina la Líadan, lilivyoandikwa, sitalifuta, ila siku moja, si leo, leo nimechoka, nitamwambia Neasa haukuwa upepo… “Bairbre,” Peigín ananong’ona, “Bairbre, unafanya nini, siagi inanidondokea kiatuni,” na natazama, na ni kweli, mkono wangu wa kulia uko hewani na kisu chake, unazunguka, juu, chini, juu, polepole, haunisikilizi, na huko nje Neasa amevuta pumzi mara mbili na ameingia kwenye ubeti wa nne…