Nyumba Iliyomfuata Mejumaa

Tulipofika na lile lori mdomoni mwa kichochoro chetu cha Mji wa Kale, halikuweza kuingia. Kakangu Kamaludin alikuwa amelijengea paa refu na madirisha ya kutokeza pande zote mbili, akasahau kwamba vichochoro vyetu vilijengwa kwa ajili ya punda. Basi tukasimama hapo hapo na kichanga chetu, na wa kwanza kutufikia alikuwa jirani yetu Nyevu, mtu ambaye habari haimpiti hata ikipita kwa mlango wa nyuma. Hakuuliza hali ya mzazi. Aliuliza, "Ati mtoto kazaliwa ndiani?" Yaani njiani, kama mwana wa mbuzi.

Nilimpa jibu ambalo mpaka leo linamfanya aniamkie kwa kidevu. Lakini wapo wengine wanaouliza kwa adabu, na hao nitawaeleza ilivyokuwa.

Mwanakhamis ni wifi yangu, mke wa kakangu. Ni mwanamke mfupi, wa sauti ya chini, na akishaamua jambo ni heri ujaribu kuihamisha Ngome ya Mombasa kuliko kumhamisha yeye. Bintiye wa pekee, Mejumaa, aliolewa na Aidarus, mwenye duka la nguo huko Nairobi. Sisi kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mamake mzazi. Mimba ikikua, binti hurudi kwao, akatunzwa, akakandwa, akalishwa, mpaka arubaini itoke. Mejumaa alijaribu. Mara ya kwanza alipanda gari la moshi kuja kwao, na mimba ikamtoka kabla ya kufika Voi, juu ya benchi la mbao, mbele ya watu asiowajua. Aliposhika mimba tena alileta salamu kwamba gari la moshi hatalikanyaga mpaka siku ya kufa kwake, na kwamba safari hii atajifungulia huko huko.

Mwanakhamis alikuwa akipepeta mchele. Aliweka ungo chini, akasema, "Wallahi, mwanangu hazai ila nyumbani mwangu."

"Wifi, mwana hawezi kuya," nikamwambia. "Usiape."

"Nishaapa. Kama yeye hawezi kuya, nyumba itamfuata."

Nilicheka. Kamaludin hakucheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba tumekwisha. Kakangu ni seremala. Miaka yote ya vita alikuwa akipigilia masanduku bandarini Kilindini, na sasa vita vilikuwa vimeisha na jeshi lilikuwa likiuza malori yake yaliyochoka. Akalipata moja, akaliegesha Majengo kwenye kiwanja kilicho mkabala na karakana yake, akaanza kugonga. Wapita njia wakamwuliza kama anajenga banda la kuku. Akawajibu kwamba kuku ni wao, kazi kukodoa macho tu.

Kitu cha kwanza kilichoingia katika nyumba ile kilikuwa kitanda. Kilikuwa kitanda cha mamake Mwanakhamis, cha miguu ya kukerezwa, ambacho yeye mwenyewe alizaliwa juu yake na Mejumaa vilevile. Lakini barabara ya Nairobi ina mashimo ya kumng'oa mtu jino, seuze kutikisa mimba, na kakangu alikaa siku nyingi akikitazama kitanda kile bila ya kujua la kufanya. Mpaka akaenda kutengeneza mlango kwa Bi Khatoon, mke wa Taher muuza vyuma. Akamkuta bibi amekaa kwenye pembea yake ya ukumbini, akijisukuma kwa ncha ya kidole cha mguu, kikombe cha chai mkononi kimejaa pomoni wala hakimwagiki. Kakangu aliuacha mlango nusu, akarudi mbio kama aliyeitwa na moto.

Akakitundika kitanda kwa kamba nene za usumba wa nazi kutoka kwenye mihimili ya paa, akakifunga na huku na huku kisiyumbe sana, na kutani akapigilia mito ya sufi. Kalama, dereva wetu, Mgiriama mtulivu ajuaye gari kama mtu ajuavyo mbuzi wake, alinizungusha makusudi katika mashimo yote ya Majengo nikiwa nimelala juu ya kitanda hicho. Nilipanda nikiwa na maneno tayari ya kuwakejeli. Nilipitiwa na usingizi.

Tukatoka sisi wanne, mimi, kakangu, Mwanakhamis na Kalama, na tulipovuka Makupa tukakiacha kisiwa, nilidhani kwamba sasa tumekuwa wasafiri. Mwanakhamis hakudhani hivyo. Alikuwa amehama na kanuni zake zote. Viatu vilivuliwa chini ya ngazi. Kalama, na hata kakangu mwenye mke, hawakupanda bila ya kupiga hodi. Buibui alilivaa pale tu anapotaka kushuka, maana humo ndani alikuwa kwake. Kila tuliposimama, kabla moto haujawashwa, alishuka na ufagio wa chelewa akafagia mbele ya ngazi, akanyunyiza maji, akatandika mkeka wa baraza ili wanaume wakae nje kama wanaume. Nimemwona akifagia pori la Tsavo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, huku ndovu wamesimama ng'ambo ya barabara wakimtazama. Nadhani hata wao walijiona wachafu.

Na unga wa mahamri! Aliukanda jioni, akaufunga kwa kitambaa, na asubuhi akampa Kalama auweke nyuma ya kiti chake, palipo na joto la injini. Tukienda, nao unaumuka. Tukisimama kupoza gari, yeye anawasha seredani, anasukuma, anachoma, na harufu ya iliki inawatoa watu vichakani ambao hukuwa umewaona. Waliokuja wote walikaribishwa. Maji tu ndiyo aliyoyafanyia ubahili, kwa kuwa lile gari lilikuwa likinywa kama ngamia aliyetoka Bara Arabu, na kila Kalama alipolisogelea pipa na ndoo yake, Mwanakhamis alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho.

Tuligombana kwa jambo moja tu, nalo ni swala. Msafiri amepewa ruhusa na Mola wake, swala ya rakaa nne aiswali mbili. Mimi nilikuwa msafiri, mgongo ukiniuma kama msafiri, nikishuka chini na msala wangu naswali mbili zangu namaliza. Yeye aliswali humo humo garini, ubavuni mwa kitanda, nne kamili.

"Wifi, sadaka ya Mungu hairudishwi," nikamwambia. "Kakupunguzia, nawe wakataa?"

"Msafiri ni yule aliyetoka nyumbani mwake," akanijibu, huku akikunja msala. "Mimi nimetoka lini?"

Nilikaa nikatafuta jibu mpaka Mtito Andei. Mwishowe nikakasirika. Kila siku alisimama kwa zile nne, na kila siku mimi nikasalimia kwenye ya pili nikamaliza, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Nairobi tulimkuta Mejumaa amekonda uso, tumbo limetangulia. Alikuwa ameapa kwamba hatapanda chochote chenye magurudumu. Mamake hakumbembeleza. Alimpandisha ngazi kwa mkono, akamwonyesha kitanda. Mejumaa akagusa mguu mmoja wa kitanda, pale palipokwanguka tangu utoto wake.

"Ni hiki hiki, mama?"

"Ni hicho hicho. Vua viatu, ulale."

Akalala. Aidarus, mumewe, alikuwa amekuja na hoja zake zote za kututuliza, akatukuta tunazungumza kwa kunong'ona ili tusimwamshe mkewe, akageuka akaenda zake dukani. Siku ya pili tukaelekea pwani, na Mejumaa, mtoto wa watu aliyekuwa hali chakula, aliamka njiani akaulizia mahamri.

Tulikuwa na wakati wa kutosha. Hilo nalisema kwa sababu wapo wanaosema tulimchelewesha. Ni mvua iliyotuchelewesha. Kuanzia Kibwezi vijito vilikuwa vimefura, na tulikaa kando ya maji siku baada ya siku tukingoja yapungue, malori ya watu yamepanga foleni mbele na nyuma. Mwanakhamis alifagia matope. Alimkanda mwanawe kiuno asubuhi na jioni, akafukiza udi usiku, akawapelekea uji madereva waliotetemeka kwa baridi. Hao madereva walianza kusema "kule nyumbani" wakitaja lori letu. Sikuwahi kumwona amekata tamaa hata mara moja, nami nilikuwa nikimchungulia kwa siri, nikitafuta.

Mariakani, mtu akiwa na haraka, ni kama ameshafika Mombasa. Tulikuwa tunaianza Mariakani, jua la adhuhuri limewaka baada ya mvua, Mwanakhamis ameshaanza kueleza chumba alivyokipaka chokaa na pazia alilolishona. Mejumaa akamshika mkono.

"Mama. Hatufiki."

"Twafika, mwanangu. Ni hapo tu."

"Mama, yuwaja sasa."

Mwanakhamis aligonga ubao wa mbele kumwashiria Kalama asimame. Kisha akagonga kumwashiria aende. Kisha akaliweka kofi lake pale ubaoni likabaki, na Kalama akasimamisha gari mwenyewe.

Kalama alimjua mkunga mmoja wa hapo, Mkamba aitwaye Mwikali, akamkimbilia. Alikuja mama mkubwa wa mwili, miguu imejaa matope. Akasimama chini ya ngazi, akatazama madirisha, akaipangusa miguu yake kwenye nyasi mpaka ikatakata, ndipo akasema, "Hodi wenyewe." Mwanakhamis hakusikia. Nilimkaribisha mimi.

Sitasimulia ya ndani. Nitasema tu kwamba kile kitanda kilimbeba Mejumaa kwa upole, kwamba Mwikali alikuwa na mikono ya baraka, na kwamba kabla ya alasiri kilio kilisikika, cha msichana, kikali, cha mtu aliyekuja na madai. Kakangu, chini ya mti, alilia waziwazi. Kalama alipiga honi mpaka nikamtupia mwiko.

Nilipotazama, Mwanakhamis hayumo. Alikuwa ameshuka, hana buibui, yeye ambaye hakuwahi kushuka bila ya buibui, amekaa chini kwenye majani kama mtu aliyefikwa na msiba. Nikamwendea.

"Wifi, una mjukuu. Yuko salama, na mamake salama. Wafanya nini huku?"

"Niliapa," akasema. "Niliapa kwa Mungu kwamba atazaa nyumbani mwangu. Amezaa ndiani, Sheikha. Nimemburura kutoka Nairobi nije nimzalishe ndiani."

Sikuwa nimezoea kumwona akishindwa. Kumbe nilikuwa nikiungojea ushindi huo miezi mizima, na ulipokuja niliuchukia.

Alasiri ikaingia. Akatawadha kwa maji kidogo, akatandika msala pale pale chini, penye majani, akaswali. Nilimtazama kwa sababu ya mazoea. Rakaa ya kwanza. Ya pili. Akakaa, akageuza uso kulia, akageuza kushoto. Akasalimia. Mbili, kama msafiri yeyote. Kisha akabaki amekaa, mikono mapajani, anaitazama barabara.

Nilichukua msala wangu. Nikaenda mpaka chini ya ngazi, nikavua viatu, nikapiga hodi. Mejumaa akanijibu kwa sauti ya uchovu, "Karibu, shangazi." Nikapanda, nikautandika ubavuni mwa kitanda, pale alipokuwa akiswali yeye kila siku, na mlango nikauacha wazi.

Nikaswali ya kwanza. Nikaswali ya pili. Nikakaa. Ona ulipofika, we Sheikha, nilijiambia, nawe safari nzima umebishana naye. Nyuma yangu nikasikia majani yakichakarika, nikajua kwamba wifi amegeuka na ananitazama, akinisubiri nisalimie kama nilivyosalimia Tsavo, na Kibwezi, na Nairobi.

Nikainuka kwa ya tatu.

Nilipomaliza ya nne nilikawia kidogo kwenye dua, kwa sababu macho yangu hayakuwa katika hali ya kuonyeshwa watu. Nje nikasikia sauti ya ufagio wa chelewa, shwa, shwa, mbele ya ngazi. Kisha nikamsikia Kalama akija na ndoo yake ya maji ya kumwoshea mtoto, akiweka mguu kwenye ngazi.

"We Kalama," akasema wifi yangu, kwa ile sauti yake ya chini. "Hodi iko wapi? Kwani hapa ni ndiani?"