Kidole Gumba cha Hawah

Duniani wako watu wa kutupa na wako watu wa kutunza, na Phiona wa Arua alikuwa wa kutunza kupita kiasi. Hata kifuniko cha kalamu hatupi. Alikuwa na duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi, na wateja walimtania kwamba ukipoteza cheti chako usihangaike, nenda kwa Phiona, nakala hakosi. Kwa hiyo akaunti ya picha ilipoanza kumtumia maonyo kwamba nafasi imejaa na picha zinaweza kufutwa, yeye hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alinunua diski ya nje, nyeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, akaanza kuzishusha picha zake kutoka mtandaoni kila mtandao ulipokubali.

Tuseme ukweli: picha za harusi na za sikukuu zingepotea, angelia siku moja akanyamaza. Aliyemhangaisha ni mama yake, Paska. Paska aliishi Logiri maisha yake yote akilima mihogo na karanga, hakuwahi kumiliki simu, na mpiga picha wa studio alimwona mara moja tu, siku ya kitambulisho. Sura yake iliyobaki duniani ni ile aliyoipiga Phiona kwa simu katika mwaka wake wa mwisho: Paska anamenya karanga, Paska amembeba mjukuu, Paska anamfukuza mpiga picha kwa mwiko. Alizikwa kabla ya mvua za mwaka jana, na tangu hapo Phiona hakuwa na moyo wa kuzitazama. Alijua zipo, hilo lilimtosha.

Sasa diski imejaa vizuri, anafungua kuhakikisha, picha za Paska hazimo. Akarudi kwenye akaunti. Hazimo. Akatafuta kwenye simu, akakumbuka mwenyewe ndiye aliyebonyeza zifutwe simuni ili nafasi ipatikane, maana si ziko mtandaoni? Mbuzi wapo, keki zipo, hata picha ya risiti ya umeme ipo. Mama yake hayupo.

"Tahiru!" aliita, na mumewe, ambaye kazi yake ni kuhangaikia karatasi za malori kule mpakani Vurra na kwa hiyo amezoea kuitwa kwa ukali, alikuja mbio.

Walitazama pamoja. Akaunti ilionyesha simu zinazoitumia: ya Phiona, ya Tahiru, na nyingine ya tatu, iko Koboko. Tahiru akajikuna shingo.

"Hiyo ni ya Mama," alisema.

"Mama gani?"

"Mama yangu. Nilipomnunulia simu niliweka akaunti yetu hiyo hiyo. Nisije nikasahau neno la siri."

"Kwa hiyo picha zetu zote mama yako anaziona?"

"Tangu alipopata simu," alisema Tahiru, kwa sauti ndogo.

Ewe Mola! Phiona aliiona akilini ile picha yake amelala mdomo wazi. Aliiona ile picha ya Tahiru mwenyewe, amejifunga kanga kiunoni, anaosha sufuria. Yote hayo yamefika Koboko kwa Mama Hawah, mwanamke ambaye katika miaka yote ya ndoa hawakuwahi kuzungumza zaidi ya habari za watoto na habari za safari. Hawah alikuwa Mnubi wa Koboko, Mwislamu, mfumaji wa tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi, na maneno yake alikuwa anayabana kama nyuzi. Phiona aliamini kwamba mkwewe hakumtaka, yeye Mkristo wa Logiri, na hakuhitaji ushahidi zaidi ya mazishi ya Paska. Hawah hakuja. Alituma sukari na mkeka.

Akapiga simu Koboko.

"Mama, shikamoo. Zile picha za marehemu mama yangu..."

"Iko kwangu," alisema Hawah. "Nimefungia."

"Umefungia wapi, Mama?"

"Ndani ya simu, pale pa siri, pa kufungua na kidole. Lakini kidole nimechoma na kikaango cha mkate wa kisra, sasa simu hapana najua mimi. Ile namba nyingine nimesahau. Lokule fundi wa simu iko njiani anakuja. Anasema ataflashi, itafunguka."

Phiona hakuwahi kumpandishia mkwewe sauti. Siku hiyo alipandisha mpaka mteja aliyekuwa akingoja fotokopi akashtuka.

"Mama, usimpe! Nakuja! Usimpe hiyo simu!"

Alimwachia Tahiru watoto, duka akalifunga, akatia diski na waya wake ndani ya mkoba. Hakubeba hata nguo ya kubadilisha. Alijua atarudi jioni.

Koboko alimkuta Lokule amekaa barazani, kikombe cha chai mkononi, simu ya Hawah mezani mbele yake. Phiona aliichukua kwanza, salamu zikafuata.

"Kaka Lokule, ukiiflashi, vilivyofungiwa ndani vinabaki?"

"Hapana, dada. Kikifungiwa humo kinatoka mtandaoni, kinabaki simuni tu, na nikiiflashi inakuwa mpya kabisa."

"Basi mimi siitaki mpya."

Lokule hakuwa mtu wa ugomvi. Alimaliza chai yake, akashauri kwamba kidole kikipona simu itakitambua, ila wasikibonyeze ovyo ovyo, kile kisanduku cha siri kisije kikajifunga kabisa. Akaenda zake. Wakabaki wawili barazani, mama mkwe na mke wa mwana, na kidole gumba kilichovimba kati yao.

Hapo ndipo Phiona alipouliza kwa hasira. "Mama, kwa nini uliziondoa? Kule kwangu zimepotea zote."

Hawah alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunika chakula. "Mimi hapana napoteza. Mutu amekufa, picha yake inakaa hapo wazi, watoto wanapitisha kidole, leo mbuzi, kesho keki, halafu yeye, halafu mbuzi tena? Hiyo ni heshima? Katika nyumba hii, nguo ya marehemu tunakunja, tunafungia sandukuni. Tunangoja mwenye msiba akuje aitishe mwenyewe." Akavuta uzi wa tabaga yake kwa mkono mzima. "Nilikungoja. Hukukuja."

Phiona alikuwa ameandaa maneno makali tangu Arua, na yote yalikuwa ya kosa jingine.

Kurudi jioni kukashindikana. Kidole kilitaka kutunzwa, na Hawah alikuwa anakitunza kwa kukisahau: anapika nacho, anafuma nacho, anaosha nacho vyombo. Phiona akaazima gauni la mkwewe, akatafuta asali, akakipaka, akakifunga kitambaa safi. "Kisiguse moto," alisema. "Wala maji. Wala uzi."

"Basi nikae kama maiti?"

"Ukae kama malkia, Mama. Mimi nitapika."

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawah hakungoja ya tatu. Phiona alipewa ufagio, akapewa ndoo, akapewa unga wa kisra uliokorogwa kama uji na kuambiwa aumimine kikaangoni kama mtu anayejua anachofanya. Kisra ya kwanza ilitoka na matundu, ya pili ikakunjamana. Hawah, kidole chake kikiwa juu hewani kimevaa kitambaa, aliicheka ya tatu mpaka ushungi ukamwanguka mabegani.

"Umepika hivi hivi siku ya birthday ya mjukuu wangu Asuman," alisema. "Ile keki ilianguka katikati."

"Uliiona?"

"Mimi naona yote. Ile gauni ya kijani usivae tena, inakukaa kama gunia. Na mwanangu nilimwona anaosha sufuria."

Phiona alitamani ardhi ipasuke. "Mama, ile siku nilikuwa naumwa..."

"Nimesema kitu? Aoshe. Lakini ile sufuria haikutakata."

Wakacheka wote wawili, na Phiona akajishangaa, maana alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama mkwe, unga mpaka kwenye viwiko, anacheka. Kumbe miaka yote aliyofikiri mwanamke huyu hamtaki hata kumjua, alikuwa anamsoma kila jioni, akiifuata nyumba yake picha kwa picha. Alijua jino gani la Asuman lilitangulia kung'oka. Alijua mtoto wa pili alivaa viatu kinyume siku ya kwanza ya shule. Alimwuliza Phiona kama kile kikohozi cha mwezi wa sita kilipona, na Phiona hakukumbuka kumwambia mtu yeyote Koboko kwamba aliwahi kukohoa. Ilikuwa picha ya chupa ya dawa tu.

Tahiru alipiga kila siku kuuliza mke wake anarudi lini. "Kidole bado," Hawah alikuwa anajibu, na kukata simu.

Taabu ilikuwa kumzuia asijaribu. Phiona akigeuka kuchota maji, Hawah anafungua kitambaa na kubonyeza. Simu inakataa. "Mama!" "Nilikuwa naifuta vumbi tu." Ikabidi Phiona aifiche simu ndani ya pipa la mchele, na mwenye simu akanuna mpaka saa ya chakula.

Ngozi iliyoungua ikabanduka, mpya ikatokea laini. Asubuhi moja Hawah alinawa mikono, akaifuta kwa upindo wa gauni, akanyoosha kidole. "Leta."

Phiona aliitoa simu pipani, akaileta. Hawah akasema bismillahi, akaweka kidole. Jaribu tena, simu ikasema. Akapuliza kidole kama anapoza uji, akaweka tena polepole, akabonyeza.

Kisanduku kikafunguka.

Paska huyo hapo, anamenya karanga. Paska na mjukuu. Paska na mwiko juu. Phiona alikuwa amejiandaa kuwa mtu wa kazi, atie waya, anakili, ahakikishe. Badala yake alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia vizuri Logiri kwa sababu siku ile alikuwa anahesabu viti vya wageni. Hawah hakumnyamazisha. Alimshika goti, akatulia naye.

Baadaye Phiona aliunganisha waya, picha zikaanza kuingia kwenye diski moja moja. Alizifuata kwa macho, anazijua zote. Ya mwisho hakuijua.

Walikuwa wanawake wawili wamebanana, picha imepinda, pembeni kidole kimeziba robo yake. Mmoja alikuwa Hawah. Mwingine alikuwa Paska, kitandani kwake Logiri, amekonda, kichwani amefunikwa ushungi wa buluu wa Hawah, na anacheka na mapengo yake yote.

"Hii ni lini?" Phiona aliuliza.

"Alipozidiwa. Nilienda katikati ya wiki, wewe uko dukani. Tuliongea Kiswahili chetu hiki cha soko mpaka jua likaenda. Alikataa nikuambie. Alisema, huyo mtoto akisikia mkwe amekuja, atachinja kuku wote wa kijiji." Hawah akasugua magoti yake. "Siku ya kuzika miguu ilikuwa imevimba, sikuweza kusimama. Nililia hapa hapa."

"Alisema nini kingine?"

"Alisema, huyu nakuachia wewe. Mimi nikasema, nimepokea." Hawah alijifuta macho kwa ule ule upindo. "Nikarudi nyumbani nikakungoja. Mutu amepewa mtoto, mtoto hapana kuja."

Phiona alimkumbatia, unga na asali na machozi pamoja.

Diski ilipomaliza, Hawah aliichukua simu, akahangaika nayo, akaigeuza, akamrudishia.

"Sasa weka kidole chako na wewe, humo ndani. Nikichoma hiki tena, nani atatufungulia?"

Phiona alitafuta pa kuongezea kidole kingine. Simu ikamwambia aweke, atoe, aweke tena. Hawah alikuwa ameushika mkono wake, anamwekea kidole mwenyewe, kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kushona.

"Bonyeza vizuri, mwanangu," alisema. "Ikujue."