Kivuli cha Kiti

Tangu utotoni alikuwa mtoto wa Sista. Mama yake alikuwa muuguzi, mtaa mzima ulimwita Sista, na yeye hakuwa na jina lake mwenyewe. Mtoto wa Sista, kamwambie mama yako mgonjwa kazidiwa. Mtoto wa Sista, mbona umekonda hivyo na dawa zimejaa kwenu? Alipokua akaanza kuchora, akashikilia kuchora mpaka hata waliomcheka wakachoka kucheka, ndipo watu wakaanza kumwita Mchoraji. Alilipenda jina hilo kupita maelezo. Alikuwa amelitolea jasho.

Baba yake alipofariki, mama alihamia kwake, kwenye nyumba ya ghorofa yenye vyumba vitatu. Chumba kimoja cha mama, kimoja chake, na cha tatu, chenye dirisha kubwa lisiloingiza jua kali, kilikuwa cha kazi. Mama alikuwa amestaafu lakini mikono yake ilikuwa haijapata habari hizo. Aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alikunja mashuka, akayakunjua, akayakunja upya. Kila baada ya muda aliingiza kichwa chumbani kwa Mchoraji akauliza, "Utakunywa chai?" na Mchoraji, brashi ikiwa hewani, alisahau alichotaka kufanya.

Basi siku moja, ili apumue, alimpa mama yake kipande cha ubao, mirija ya rangi iliyobaki mabaki, na brashi mbili zilizokuwa zikinyonyoka nywele.

"Mama, chora chora kidogo hapo jikoni. Upoteze muda."

Mama akajipotezea muda. Alichora kikombe, alichora ndala chini ya kitanda. Mchoraji alimsifu vile mtu anavyomsifu mtoto aliyefunga kamba za viatu mwenyewe. Halafu asubuhi moja alikwenda jikoni kunywa maji, akakuta picha ya beseni imeegemezwa kwenye mtungi wa gesi. Beseni la bati, maji nusu, hakuna zaidi. Akasimama na glasi mkononi. Maji yale yalikuwa ya baridi. Yalikuwa yamechotwa muda huu huu na mtu aliyekuwa anarudi. Hakuelewa amelijuaje hilo, maana palikuwa na rangi tatu tu, na ukingo wa beseni ulikuwa umepinda vibaya.

"Nzuri," alisema. Akaondoka bila kunywa maji.

Yeye hakuchora hivyo. Yeye alichora kwa kuparua. Angeweka mkono wa mtu kwenye turubai, akautazama juma zima, akaukwangua kwa kisu, akauweka tena. Aliamini kwamba picha ni kazi ya kukataa: unakataa hiki, unakataa kile, mpaka kinachobaki kinashindwa kukataliwa. Mama hakukataa kitu. Aliketi kwenye kigoda, akachora alichotaka, akainuka kuangalia wali.

Msimamizi wa maonyesho alipokuja kuchagua picha za Mchoraji, mwanamume mpole wa miwani minene, alizitazama kwa heshima, akitikisa kichwa polepole. Aliipenda hasa ile kubwa ya ngazi za ghorofa na watu wanaopanda wamebeba mizigo, iliyokuwa imemla Mchoraji karibu mwaka mzima. Kisha akaomba maji ya kunywa, akaenda kuyachukua mwenyewe, na hakurudi. Mchoraji alipomfuata alimkuta amechuchumaa mbele ya mtungi wa gesi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Hizi za nani?"

"Za mama. Anajifurahisha tu."

"Loo! Mtu anajifurahisha hivi, sisi wengine tunaohangaika tufanyeje?"

Mama alicheka, akijifuta mikono kwenye kanga. Mchoraji naye akacheka. Siku hiyo hiyo ikaamuliwa kwamba maonyesho yatakuwa ya mama na binti. Mchoraji alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na mgeni alipoondoka aliingia bafuni, akafungua bomba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bila kunawa.

Wivu kwa mama yako ni wivu usio na pa kwenda. Ungekuwa kwa rafiki, Mchoraji angemsengenya kwa rafiki mwingine. Ungekuwa kwa mpinzani, angejiambia kwamba kapendelewa. Lakini huyu ndiye aliyemlaza kifuani. Utamwambia nani? Fundi wa fremu alipoleta fremu alisema, "Hongera dada, kumbe kipaji mmerithishana! Sasa nani kamrithi nani?" akaangua kicheko. Mchoraji alimwonyesha fundi kona iliyoachia, akamwambia akairudie.

Siku ya kutundika picha, mama alibaki nyumbani. "Wewe ndiye unayejua mambo hayo," alisema. Ukumbi ulikuwa mrefu, kuta nyeupe, na ukuta wa mwisho ndio uliokutana na macho ya mtu mara tu aingiapo mlangoni. Mchoraji alikuwa ameshaegemeza picha yake ya ngazi pale. Msimamizi akaja, akarudi nyuma hatua chache, akashika kidevu.

"Unaonaje ile ya ngazi tukaihamishia pembeni? Hapa pakae kiti."

Kiti kilikuwa picha ya mwisho ya mama. Kiti cha mbao kando ya kitanda cha hospitali, na koti la baba limetundikwa mgongoni pake. Kitanda kimekatwa na ukingo wa ubao, huoni aliyelala. Sakafu ya kijani iliyofifia. Kiti hakikuikanyaga sakafu ile sawasawa. Kilikuwa kama kimeinuliwa kidogo, kama kinasikiliza.

"Sawa," Mchoraji alisema. "Haina shida."

Msimamizi alipokwenda kula, Mchoraji alibaki peke yake. Alikuwa na sanduku lake la rangi kwa ajili ya kuziba mikwaruzo. Akakitazama kiti. Kinaelea, alijiambia. Kila mwenye macho ataona kinaelea. Watamcheka mama wa watu. Kivuli kidogo tu chini ya miguu minne, basi, kitatulia. Nani atajua? Ni msaada.

Alichanganya kijani na kahawia, akaweka tone la bluu. Kivuli kilitoka kizuri, laini, kikilala upande unaotakiwa, na hapo ndipo akagundua ubaya wa alichokifanya. Kiti kilikuwa kimeketi. Kilikuwa kiti kama viti vingine vyote duniani, na koti lilikuwa koti. Hakuna aliyekuwa anasikiliza chochote. Na ndani ya kifua chake, kabla aibu haijafika, kitu kilishangilia.

Alinyanyua kitambaa afute. Akasikia viatu vya msimamizi mlangoni. Akakirudisha kitambaa sandukuni.

Maonyesho yalifunguliwa alasiri. Kutundika picha yako mbele za watu ni kama kusimama uani umevaa nguo ya ndani ukisubiri mtu apite aseme imekupendeza. Mchoraji alikuwa ameshazoea. Alijua wanaosogea karibu sana ni wachoraji, wanaosimama mbali wamekuja kuonekana, na wanaosoma vibandiko tu hawana wanachokiona. Lakini leo wote, wa karibu na wa mbali, walipita kwenye ngazi zake na kuelekea ukuta wa mwisho. Mwandishi mmoja wa gazeti alimsogelea na kalamu tayari.

"Samahani, wewe ndiye binti wa yule mama anayechora?"

"Ndiye mimi," alisema. Miaka yote ile ya kukwangua, na amerudi pale pale.

Mama alifika amevaa gauni lake la kijani na viatu vilivyokuwa vikimbana. Alisalimia kila mtu, akapokea pongezi kama anayepokea mtoto wa watu, kwa uangalifu. Kisha akafika mbele ya kiti, akainama kuitazama sakafu ile ya kijani. Waliokuwa karibu naye wakapunguza sauti.

"Njoo," alisema bila kugeuka. Mchoraji akaja.

"Hiki kivuli kimetoka wapi?"

"Mama, kiti kilikuwa kinaelea."

"Najua kilikuwa kinaelea. Mimi ndiye niliyekielesha."

"Nilitaka kukusaidia."

"Nitazame usoni, useme tena."

Mchoraji alitazama viatu vya mama yake.

"Una tapentaini?"

"Ipo kwenye sanduku."

"Lete. Na kitambaa laini, si hicho cha kufutia fremu."

Mbele ya wageni wote, Sista alikunja mikono ya gauni lake. Alimimina tapentaini kwenye kitambaa, akajaribu kwanza kwenye kona, kisha akaanza kukitoa kivuli kidogo kidogo, toka nje kuja ndani, bila kusugua, kama anayesafisha kidonda cha mtu anayeogopa. Harufu ilijaa ukumbini. Mchoraji alishika chupa na kupokea vipande vya kitambaa vilivyochafuka. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho, na alipomaliza baadhi walipiga makofi. Msimamizi naye akapiga makofi, huku jasho likimtoka, maana yeye alijua jambo hilo halikuwamo kwenye ratiba. Kivuli kilitoka. Ilibaki alama ya weupe kwenye sakafu ya picha, mahali rangi ya mama mwenyewe ilipolainika ikaondoka nacho.

Walikwenda chumba cha nyuma, kilichojaa maboksi matupu na viti vilivyopandanishwa. Mama alivua viatu.

"Unanionea wivu." Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Sana?"

"Mama, silali." Na hapo machozi yakamtoka, ya hasira zaidi kuliko ya majuto. "Mimi nimeumia na kazi hii. Wewe umeikuta jikoni kwangu, kwenye rangi nilizotaka kutupa. Unakaa tu, inakuja. Kwa nini inakuja kwako?"

Mama alijikanda vidole vya miguu.

"Unadhani wivu umeuanzisha wewe?" alisema. "Nilikuwa nikirudi zamu, miguu imevimba, nakukuta umejifungia unachora. Salamu huitikii. Baba yako ananiambia, usimsumbue mtoto. Mimi tangu nizaliwe hakuna aliyemwambia mtu asinisumbue. Nilikuwa nasimama nje ya mlango wako natamani niuvunje. Basi nakuita nakutuma chumvi dukani."

"Chumvi?"

"Na chumvi ipo. Kabatini ilikuwa imejaa."

Mchoraji alimkodolea macho. Alizikumbuka safari zile za dukani, rangi zikikauka kwenye kisahani nyumbani.

"Mama!"

"Ndiyo hivyo. Nilikuwa na roho mbaya mimi." Akavaa kiatu kimoja. "Lakini picha yako sikuigusa. Hata siku moja. Niliuchukia mlango, nikakuchukia na wewe kidogo, picha sikuigusa."

Mchoraji alitafuta neno la kuomba radhi, na yote yaliyomjia yalikuwa madogo. Mwishowe akasema tu, "Nisamehe, mama," na mama akasema, "Nitakusamehe, ila leo bado," akavaa kiatu cha pili akarudi kwa wageni wake.

Kwa siku kadhaa walisalimiana kwa adabu mno, kama wapangaji. Mama alikataa katakata kuiziba ile alama ya weupe. Msimamizi alipomsihi, alimjibu kwamba kilichotokea kimetokea. Maonyesho yalipofungwa na picha kurudi nyumbani, mama alikuja kusimama katikati ya chumba cha kazi.

"Nataka nusu ya dirisha," alisema. "Jikoni kuna mvuke. Na brashi zisizonyonyoka."

Mchoraji akasukuma meza yake upande wa kushoto.

Sasa wanafanya kazi wamepeana mgongo. Wivu haujamtoka Mchoraji. Kuna asubuhi anaisikia brashi ya mama yake ikienda bila kusita, swish, swish, na anasaga meno. Juzi alikuwa akihangaika na bega la mwanamke aliyebeba kuni, mama akapita nyuma yake na kikombe, akasimama.

"Huyu mbona kama hajabeba kitu?"

"Mama, tafadhali."

"Nimeuliza tu."

Mama akarudi kwenye kigoda chake. Mchoraji akaliangalia lile bega, akaliangalia tena, akatukana kimoyomoyo. Akachukua kisu, akaanza kukwangua.