Kisanduku cha Nne

"Ya nne ilikuwaje?" Baba aliniuliza kabla hata sijavua koti.

Ilikuwa siku ya tisa tangu kiharusi kimlaze katika hospitali hii ya Nagoya, na siku ya tisa ya swali lilelile. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini alieleweka. Kilichovurugika ni kumbukumbu: ya miaka arobaini iliyopita anayo yote, ya jana hana hata chembe. Umlishe uji wa mchele asubuhi, mchana atakulalamikia kwamba tangu aletwe hapa hajatia kitu mdomoni.

"Ya nne ya nini, Baba?" Kila siku ilibidi tuanze mwanzo.

"Katuni, Chizuru! Ile ya gazeti la jioni, ya yule karani."

Katuni za magazeti yetu zina picha nne katika visanduku vinne, kimoja chini ya kingine. Vitatu alivikumbuka kama jina lake. Karani anapewa barua aipitishe kwa meneja. Karani anatoa muhuri wake wa jina mfukoni. Karani anaupiga wima, kifua mbele.

Sisi tuliofanya kazi za ofisini hapa kwetu tunajua uzito wa jambo hilo. Muhuri wa mdogo huinamishwa kidogo kushoto, kuelekea ule wa mkubwa, ili jina lako limwinamie bosi pale karatasini. Ukiupiga wima umetangaza vita.

"Sasa bosi akafanyaje?" Baba akauliza. "Nitafutie. Sitaki kufa sijui."

Nilimwambia nitaitafuta, nikidhani ni kazi ya nusu saa. Kumbe! Gazeti lenyewe lilishafungwa zamani. Jina la katuni Baba halijui, la mchoraji ndiyo kabisa. Mwaka je? "Ule wa mvua nyingi." Kwenye maktaba ya mkoa, mkutubi Bi Shimomura, mama mwenye miwani ya kamba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Dada, hotuba za madiwani tumeziorodhesha zote. Bei za kabichi zipo. Katuni? Nani aliwahi kuorodhesha katuni?"

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Ufunue moja moja. Mimi nitakuletea magazeti, macho ni yako."

Nilifunua siku tano. Karani nilimpata upesi, maana alikuwemo kila jioni: karani kalala chooni, karani kapokea simu huku akiinama mpaka kipara kikagonga meza. Nilicheka, halafu nikakasirika kwa kucheka. Siku yenyewe sikuipata, na Baba alizidi kukonda.

Siku ya sita nilimjia juu. "Lakini Baba, kama katuni uliipenda hivyo, kwa nini hukuimaliza?"

"Gazeti halikuwa langu. Nilichungulia la mtu kwenye treni, nikirudi nyumbani kutoka kazini."

Enzi hizo abiria walikunja gazeti mara mbili wasimchome jirani. Kisanduku cha nne kilikuwa upande wa chini wa mkunjo. Baba alisubiri mwenye gazeti aligeuze. Kufika kituo cha Kanayama, bwana yule akalitia kwapani akashuka.

"Asubuhi yake nami nikapiga wima," Baba akasema. "Barua ya kununua viti."

"Baba! Kwa ajili ya katuni?"

"Nilijua yule karani alishinda. Uso wake, ungeuona! Nikasema, na mimi je?"

Yaliyofuata nilikuwa nayajua, ila chanzo chake hatukuambiwa kamwe. Wiki tatu baada ya muhuri huo, kwa hesabu yake, walimhamishia meza ya dirishani, isiyo na simu wala faili, akae akitazama nje mpaka saa ya kutoka. Alikaa hapo miaka kumi na moja. Baba za wenzangu walirudi wakati sisi watoto tumeshalala. Wangu alifika saa kumi na moja na nusu, na Mama alimtuma akazunguke bustanini kwanza, majirani wasimwone. Nilimshika mkono.

Lakini sasa nilikuwa na pa kuanzia. Barua ya uhamisho Mama aliitunza kabatini. Nikarudi nyuma wiki tatu kutoka tarehe yake, na Alhamisi mchana nikaipata.

Kisanduku cha nne: meneja, aliyezoea mihuri iliyoinama maisha yake yote, kalaza kichwa kushoto, kakunja uso. "Mbona umepinda huu? Piga upya!" Karani kaupiga tena, safari hii umeinama kama siku zote, na meneja karidhika. "Haya, sasa umenyooka."

Bi Shimomura aliangua kicheko nyuma yangu. "Hii kali!" Kisha akaniona uso. "Dada, vipi?"

Ilikuwa mzaha tu. Karani hakushinda wala hakushindwa, alipiga upya akaendelea na kazi. Kama yule bwana wa Kanayama angekunja gazeti lake vingine, Baba angecheka, akafika nyumbani, akala.

Nilifikiria kumdanganya. Ila alikuwa ameomba kujua, nami nilikuwa nimeahidi. Nikarudi hospitalini, nikampa kopi. Aliisoma kwa kidole, taratibu, na alipofika chini akalaza kichwa kushoto kama meneja.

"Alipiga upya," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Hata hakugombana."

Akageukia ukutani akalia kwa sauti, mtu ambaye hata kwenye mazishi ya Mama sikumwona akilia. Nilimsugua mgongo. Chakula kikaja, kikapoa, kikaondolewa, na mimi bado namsugua mgongo tu.

Kesho yake nilipanda ngazi roho mkononi. Nikamkuta ameegemea mto, kanyoa ndevu, anatabasamu.

"Chizuru! Afadhali umekuja. Kuna katuni moja ya gazeti la jioni. Karani anapiga muhuri wima. Ya nne ilikuwaje?"

Kopi ilikuwa mkobani mwangu. Nilivua koti, nikalitundika, nikalinyoosha mikono.

"Bado natafuta, Baba."

"Usichoke, mwanangu." Akanipapasa mkono, kama mimi ndiye mgonjwa. "Nina hakika alishinda. Nataka tu kuona alivyoshinda."