Funda la Kwanza

Povu lilikuwa limeanza kuchungulia shingoni mwa kibuyu cha tembo la mnazi Mbeyu alipoitwa kutoka jikoni. Wajumbe waliokuja kumposa kwa niaba ya Tsofa walikuwa wameketi ukumbini, miguu imejaa vumbi la njia ya Mishomoroni. Mkabala nao alikaa babake Mbeyu, Randu, mikono ameikalia ili isionekane ikitetemeka.

Tangu masika Randu hakuwa ameonja tembo. Mbeyu ndiye aliyempangusa jasho siku zile za mwanzo za kuacha ulevi, Randu alipokuwa akiwafukuza nyoka wasiokuwapo. Ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Kisu chake cha kugemea walikitupa chooni. Hata hivyo, kila upepo ulipoleta harufu ya tembo kutoka kwa jirani, Randu aliacha jembe, akasimama kama mtu aliyeitwa.

Desturi ilikuwa wazi. Binti huulizwa kama tembo la posa linywewe. Akikubali, babake hupiga funda la kwanza. Akikataa, posa imekufa.

"Masha, si umnywee kaka yako?" Shangazi Nyamvula alimnong'oneza mdogo wake.

"Mwana wake, koo langu?" Masha akacheka. "Kesho niambiwe nimemwoza mtoto wa mtu! Funda moja halimwui, dada."

"Moja lake nalijua mimi."

Mzee Ngumbao, mkubwa wa wajumbe, akakohoa. "Jamani, tumekuja kuposa au kuchunga kibuyu?"

Watu wakacheka. Randu alicheka kupita wote.

"Mbeyu," akaita Nyamvula.

"Abee, shangazi."

"Tembo hili, tulinywe?"

Mbeyu alimfikiria Tsofa. Alikuwa amemngoja miaka yote ya vita, wenzake wakiolewa mmoja mmoja, hadi kijana huyo akashuka melini amekonda, akamkuta palepale. Kisha akaitazama shingo ya babake, jinsi ilivyokuwa ikimeza mate.

"Msinywe," alisema.

Ngumbao hakungoja binti aulizwe mara ya pili. Alikiinua kibuyu, akakitia begani, wenzake wakamfuata bila kuaga.

Mbeyu alimgeukia babake, akitaraji macho yao yakutane. Macho ya Randu yalikuwa yakikisindikiza kibuyu uani, hadi penye ua wa makuti. Ghafla akainuka, kwa wepesi ambao hakuwa nao miezi yote ile, akampita bintiye mlangoni.

"Wazee!" aliita, akiwaandama. "Jua kali hili! Kaeni kivulini kidogo, mpumzike."