Kichuguu cha Ondoga

Watu wa Tabora wanajua udongo, hilo siwanyimi. Wale vijana waliposhuka kwenye gari langu huku Koboko, Uganda, hawakuuliza choo kiko wapi wala chakula saa ngapi. Waliinama, wakauchota, wakaufinyanga kiganjani, wakatikisa vichwa kama wanunuzi wa ng'ombe. Walikuja kukaa nasi, kuona tunavyoishi, na kumjengea nyumba Mama Hawah, mjane ambaye ya kwake ililazwa chini na upepo. Mimi, Swadiki, dereva mstaafu wa jeshi, nilipewa kazi ya kuwaendesha kwa sababu ya leseni yangu safi. Wanaosema nilipewa kwa sababu ya uongo wangu mtamu hawakukosea sana.

Kiongozi wao aliitwa Viktoria, mwalimu asiyecheka ovyo. Mdogo kuliko wote alikuwa binti mmoja, Zam. Siku ya kuondoka kwao, mama yake Zam aliuweka mkono wa binti katika mkono wa Viktoria na kusema, "Nirudishie kama nilivyokupa." Viktoria alinisimulia hayo tulipokuwa tunatoka Arua, na tulipoingia Koboko akanisimulia tena.

Mama Hawah aliwaonyesha shimo la udongo, kule bondeni. Lakini Zam aliona kichuguu nyuma ya shamba la mtama, chekundu, kirefu kunishinda. Kwao Tabora kichuguu hakina mwenyewe, na udongo wake ndio unaotoa tofali lisilopasuka. Nami nilikuwa mjini nikizibiwa pancha. Niliporudi, ubavu mmoja wa kichuguu ulikuwa kwenye toroli, Zam yuko juu na jembe, wenzake wanaimba.

Mama Hawah alitoka jikoni na Viktoria, wote mikono imejaa unga wa muhogo. Akapiga kelele. "Swadiki! Wewe iko wapi, watoto wanabomoa nyumba ya mutu?"

Nikamweleza Viktoria. Kwetu kichuguu kina mwenyewe kama ng'ombe. Mtu anakirithi kwa baba yake, na msimu ukifika anakijengea kibanda cha majani, anakigongea vijiti ili kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke. Kugusa cha mwenzako ni kesi. Na hiki kilikuwa cha Ondoga. Hata mbuzi walikikwepa.

"Tutamwomba radhi," Viktoria alisema.

"Angekuwa mtu wa kugombana ningefurahi, mwalimu. Ondoga hagombani."

Hakuna aliyekwenda kumwita, lakini Ondoga alifika na baiskeli yake kabla mtu hajanawa mikono. Akachungulia shimo. Nikachungulia naye. Mchwa ukiwabomolea hukimbilia kuziba. Hata mtoto anajua. Hawa walikuwa wamesimama ukingoni, vichwa nje, kimya, kama watu wanaosubiri tangazo.

"Wageni, karibu. Munakula?"

"Shikamoo, mzee. Tumekula. Tunaomba sana radhi, vijana hawakujua..." Viktoria alianza.

"Marahaba. Mimi hapana gombana. Nani alipiga jembe ya kwanza?"

Nyimbo zilikuwa zimekwisha. Nikawafafanulia desturi ya ukoo wake, ambayo sijaiona kwingine. Jina la aliyepiga jembe la kwanza husemwa ndani ya shimo, kisha mchwa hufunga.

"Na lisiposemwa?" Viktoria aliuliza.

Mama Hawah ndiye aliyejibu. "Obeti wa hapa alibomoa, akakataa kusema jina yake. Akapanda boda, akaenda Arua. Boda ilifika. Obeti hapana fika."

"Na likisemwa?"

"Mutu anakwenda kwao," Ondoga alisema, akiwatazama mchwa wake kwa upole. "Jina tu ndiyo inabaki."

Zam alikuwa na udongo hadi viwikoni. Akafungua mdomo. Viktoria akamshika bega, akaliminya mpaka binti akanyamaza.

"Ni mimi, mzee. Viktoria."

Mama Hawah akarudi jikoni kwenye sufuria yake ya chai. Ondoga akaitazama mikono ya Zam, kisha mikono ya Viktoria, myeupe kwa unga wa muhogo mpaka kwenye kucha.

"Wewe unasema?"

"Nasema."

"Basi sasa iko yako."

Akainama, akaingiza mdomo shimoni, akalitamka jina lile polepole, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyelala. Mchwa wakaanza. Nimewaona wakijenga maisha yangu yote, lakini si vile. Kabla chai ya Mama Hawah haijachemka, shimo lilikuwa limefungwa, bichi, laini kama tumbo la chungu.

"Safari njema," alisema Ondoga, akapanda baiskeli yake.

Nyumba waliimaliza kwa udongo wa bondeni, na ni nyumba nzuri. Siku ya kurudi tukashika barabara ya Arua. Kijana mmoja, Swaibu, akaita kutoka nyuma, "Dada Viktoria, naomba maji!" Akarudia, "Dada Viktoria!" Mwalimu akageuka, akatazama viti vya nyuma kuona ni nani anayeitwa.

"Amekuwa mtu wa Koboko huyo, anatunyima maji!" Swaibu akasema, na wote wakacheka. Zam hakucheka. Akahamia kiti cha kando ya mwalimu.

Kwenye kizuizi, kabla ya Arua, askari akaingiza kichwa dirishani. "Kiongozi yenu iko nani?"

Wote wakamtazama Viktoria. Naye, kwa adabu, akapitisha macho kiti kwa kiti, akimtafuta huyo kiongozi pamoja nasi. Kisha akaushika mkono wa Zam kwa mikono yake yote miwili.

"Binti," alimnong'oneza, "sijui nakupeleka wapi. Lakini kukuachia siwezi."

Zam akainuka, mkono ukiwa bado umeshikwa. "Kiongozi ni mimi, afande."

"Na huyu mama? Jina yake nani?"

Zam akanitazama kwenye kioo. Sikutaka jina lile litamkwe tena huku kwetu.

"Ni mtu wetu, afande," nikasema, nikitia gia. "Tunampeleka kwao."