Jani Lisilo na Weupe

Fusae alilishika lile jani kwa vidole viwili, akaligeuza. Chini halikuwa na weupe.

Lilikuwa limebaki peke yake kwenye kona ya kikapu baada ya kazi yote kwisha. Pakanga aliyoichuma asubuhi kando ya kijito ilikuwa imeshachemshwa, ikakamuliwa, ikatwangwa pamoja na mchele wa kunata. Mochi zake za kijani, keki laini zenye maharage matamu ndani, zilikuwa zimefika kwa jirani yake Sumie. Ilikuwa sikukuu ya wanasesere, ya kuwaombea heri watoto wa kike, ambayo kijijini kwao hungojea theluji iyeyuke kwanza, na Kohana, mjukuu wa Sumie, alikuwa amekuja kutoka mjini kwa ajili ya sikukuu hiyo.

Kila mtu kijijini alijua kwamba jani la pakanga lina vinyweleo vyeupe upande wa chini. Na kila mtu alijua kwamba kwenye kijito kile huota pia torikabuto, mmea wenye sumu ya kuua, ambao machipukizi yake yanafanana na pakanga kama pacha na pacha. Lakini Fusae hakuwa na tabia ya kugeuzageuza majani. Alisugua, akanusa ile harufu kali ambayo torikabuto haina, basi. Kwa pua hiyo watu walimwamini. Aliyejikata kisu alipondewa majani mabichi, mwenye maumivu ya kiuno alikaushiwa ya kutia kwenye maji ya kuoga, na mwenye magoti mabovu alichomewa donge dogo la vile vinyweleo juu ya ngozi. Wajawazito alikuwa akiwanyima chai ya pakanga hata wakibembeleza.

Tangu homa ya majira ya baridi, pua ile ilikuwa imekufa. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi aliinama juu ya moshi wa ubani mbele ya picha ya marehemu mumewe, akaomba arudishiwe pua yake, na hakusikia harufu yoyote. Leo mikono yake ilikuwa imechuma kwa mazoea tu.

Alilisugua jani, akalileta puani. Hakuna kitu. Labda lilikuwa gugu lisilo na madhara. Labda lilikuwa pakanga iliyokwanguka vinyweleo kikapuni. Na kama lilikuwa torikabuto, je, lilikuja peke yake, au wenzake walikuwa tayari ndani ya mochi? Alivaa viatu, kimoja kikaenda mguu usio wake, akatoka hivyo hivyo.

Sumie alikuwa ameketi mbele ya wanasesere waliopangwa kwa sikukuu, anamimina chai. Fusae alimnyooshea jani, akamwomba anuse.

"Pakanga," Sumie alisema. "Kwani wewe leo umekuwa mwanafunzi wangu?"

Fusae alishusha pumzi. Halafu akakumbuka kwamba jani lile lilikuwa limelaliana na pakanga kikapuni asubuhi nzima. Hata kijiko kingenukia pakanga. Pumzi ikapanda tena, akawa hajui ashike lipi. Wakati huo huo akamwona Kohana akiinua mochi kuipeleka mdomoni.

Aliipokonya. Mtoto akaangua kilio.

"Ungesema tu kwamba unatunyima," Sumie alimwambia, uso umemkunjamana. "Zawadi umeleta mwenyewe, sasa unamnyang'anya mtoto?"

"Dada Sumie, mimi sinusi," Fusae alisema. "Tangu nilipougua. Sijui nimechuma nini."

Sumie aliweka birika chini taratibu. Alimtazama Fusae, akaitazama sahani. Mtoto alikuwa hajala, alisema, alikuwa akisubiri baraka ya bibi yake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekula moja, jikoni, kwa ulafi.

Fusae alimuuliza kama midomo yake inakufa ganzi, dalili ya kwanza ya sumu ile.

"Haikuwa inakufa mpaka ulipouliza. Sasa hata masikio yananiwasha."

Hawakujua wacheke au walie. Fusae alisema hawatasubiri kujua, akapiga simu kuita gari la wagonjwa, huku Sumie akilalamika kwamba hajavaa soksi za kwenda kuonekana na watu. Sahani ya mochi na jani vilifungwa kwenye kitambaa, wakaondoka navyo, na mtoto akabembelezwa njia nzima.

Hospitalini walimfunga Sumie nyaya kifuani, wakausikiliza moyo wake kwa saa nyingi. Ulikwenda vizuri. Daktari kijana aligeuza lile jani mara kadhaa, akasema yeye amesomea watu, si majani. Mochi zingepelekwa kupimwa, na hata hapo asingeweza kuahidi jibu la uhakika, maana kila kitu kimeshatwangwa pamoja. Alimsifu Fusae kwa kuwahi. Fusae hakuelewa anasifiwa kwa kuokoa mtu au kwa kumtia hofu bure.

Jioni ilipoingia alikaa kando ya kitanda, akaunganisha viganja. Alitaka kushukuru, lakini kama hapakuwa na sumu, angeshukuru kwa lipi? Alitaka kuomba msamaha, na kwa hilo pia hakujua aanzie wapi. Maneno yakaja nusunusu, yakapotea.

"Unaomba nini huko?" Sumie aliuliza akiwa amefumba macho.

"Sijui."

"Basi omba hivyo hivyo. Kisha kawaambie waniletee chakula. Ila kisiwe cha kijani."